Si Angemuuliza Tu?



Keti sebuleni na watu wanaotazama tamthilia, iwe ya Kifilipino, ya Kituruki au yetu ya Bongo, hutakosa kumsikia mmoja akiguna: "Si angemuuliza tu!" Binti kamwona mchumba wake kakumbatiana na mwanamke, kafungasha nguo, kapanda basi. Sehemu nyingi baadaye tunaambiwa yule mwanamke alikuwa dada mtu. Sisi wahakiki tumezoea kuudharau mguno huo. Leo nimekuja kuutetea. Mtazamaji anadai haki yake: wapenzi wamenyamazishwa, naye hajaonyeshwa kilichowafunga midomo.

Wengi hudhani Othello wa Shakespeare naye aliponzwa na kutouliza. Tamthilia hiyo ilichezwa katika jumba la kifalme la Whitehall mwaka 1604, na hadi leo watu huieleza kana kwamba mume aliua bila kumhoji mkewe. Alimhoji. Fungueni tendo la tatu, onyesho la nne. Leso iliyotariziwa matunda ya stroberi, zawadi ya kwanza Othello aliyompa mkewe Desdemona, imeanguka. Emilia, mhudumu wa Desdemona, ameiokota na kumpa mumewe, Iago. Othello anaitaka. Mkewe anapojibu kwamba hana hapo, yeye anaanza kusimulia: leso ile mama yake alipewa na mganga wa Kimisri, nyuzi zake zina uchawi, na mke akiipoteza, mumewe atamchukia. Baada ya kumtisha hivyo ndipo anauliza kama imepotea. Nani angethubutu kusema ndiyo? Desdemona anasema haijapotea. Kisha, ili kuyakwepa mazungumzo, anamkumbusha ombi la Cassio, luteni wa Othello, jina lile lile ambalo Iago amekwisha kulitia sumu. Mke akimtaja Cassio, mume anadai leso. Akimtaja tena, anadaiwa tena. Kuongea wanaongea. Ila mmoja anaongea kama hakimu na mwingine kama mshtakiwa, na katika hali hiyo hata mtu mwema husema uongo.

Mfano wa pili unaopendwa madarasani ni barua ya Tess, katika riwaya ya Thomas Hardy ya mwaka 1891. Tess anaandika siri ya maisha yake, anaisukuma barua chini ya mlango wa mchumba wake, Angel, nayo inateleza chini ya zulia. Bahati mbaya, tunasema, na kufunga kitabu mapema mno. Usiku wa harusi Angel anaungama kwamba naye aliwahi kuanguka na mwanamke huko London. Tess anamsamehe papo hapo, kisha anasimulia yake, na yake haisameheki. Ukweli umesemwa, umesikika, umeeleweka. Zulia halikuwa na hatia kubwa. Angel alikuwa na mizani miwili, na barua ingemkuta nayo.

Kwetu, Euphrase Kezilahabi aliigeuza hila hiyo ya barua inayopotea katika riwaya yake Rosa Mistika, mwaka 1971. Barua ya mvulana Charles kwa Rosa haipotei. Inamfikia Zakaria, baba yake Rosa, na binti anachapwa. Tangu hapo neno la mvulana linakuja na kumbukumbu ya kipigo. Mwandishi hahitaji zulia wala leso. Nyumba nzima ndiyo inayozuia mawasiliano.

Wapo waandishi vijana wanaoniambia simu imeiua mbinu hii ya wapenzi kutoelewana. Sikubali. Tiki mbili za buluu kwenye simu zimetuhakikishia kwamba ujumbe umesomwa, na kimya kinachofuata kinauma kuliko barua iliyopotea njiani.

Tena kimya cha namna hiyo hakikuanza na simu: barua hazikuwa na shida katika Persuasion, riwaya ya Jane Austen. Anne Elliot alishawishiwa amkatae Frederick Wentworth, baharia asiye na mali. Miaka miwili baadaye, mwaka 1808, Wentworth amerudi Uingereza, ana paundi elfu kadhaa na amepewa manowari. Kalamu anayo, posta ipo. Haandiki. Wanapopatana hatimaye, anamuuliza Anne: kama ningekuandikia wakati ule, ungenikubali? Angemkubali. Kapteni anakiri kwamba kiburi ndicho kilichomzuia, na kwamba miaka sita ya utengano ingeweza kuepukwa. Hapo hakuna Iago wa kulaumiwa.