Mshahara wa Ng'ambo na Ng'ombe wa Nyumbani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli mbele ya wafanyakazi, Kagio)



Mimi si mtu wa masomo mengi. Niliishia darasa la nane katika shule ya misheni, kisha nikaingia kazi ya reli. Lakini hesabu ya kujumlisha na kutoa naijua, na leo inatosha.

Vijana wengi wa hapa Kagio wanataka kwenda kufanya kazi Arabuni. Ndugu yangu mdogo ni mmoja wao, na mama ameombwa auze ng'ombe wa maziwa ili fedha za safari zipatikane. Kijana ameambiwa kwamba huko Qatar atapata Sh. 63,000/- kwa mwezi. Kima cha chini cha kibarua mjini Nairobi, kilichowekwa Novemba 2024, kilikuwa Sh. 16,113/- bila posho ya nyumba. Nani asiyetamani karibu mara nne ya hizo?

Lakini sisi wa reli twajua kupima behewa. Likipanda mizani pamoja na mzigo, uzito unaosomwa si wa mzigo peke yake. Sharti kwanza uondoe uzito wa behewa lenyewe, ulioandikwa ubavuni. Mshahara nao ni vivyo hivyo.

Basi tuupime. Sheria iliyoanza kutumika Qatar tarehe 20 Machi 2021 yasema kima cha chini ni riali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asipotoa malazi, aongeze riali 500. Asipotoa chakula, aongeze riali 300. Jumla ni riali 1,800. Mwaka 2025 riali moja ilikuwa kadiri ya Sh. 35/-. Hizo ndizo zile Sh. 63,000/-.

Sasa toeni. Malazi Sh. 17,500/-, chakula Sh. 10,500/-. Yabaki Sh. 35,000/-. Tena angalieni: riali 300 kwa mwezi ni riali 10 kwa siku, yaani chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Chakula au kitanda kikizidi kiasi hicho, fedha zatoka katika zile 35,000. Humo humo zitoke za simu, na ada ya kutuma fedha nyumbani. Mimi hapa nalipa chumba Sh. 3,000/-, na mahindi na maharagwe natoa shambani kwa mama. Huko hakuna shamba la mama.

Ndugu zangu, sisemi kwamba Sh. 35,000/- ni kidogo. Wengi wetu hatubakiwi na hata robo yake. Anayetaka kwenda na aende, lakini ajue anafuata 35,000, si 63,000. Na akikopa Sh. 140,000/- za safari, basi miezi minne anamfanyia kazi aliyemkopesha, na nyumbani haijafika hata senti moja.

Lipo jambo jingine. Sheria ile imehesabu kitanda kimoja na mdomo mmoja. Mke na watoto hawamo. Jambo hili si geni kwetu. Zamani mfanyakazi wa mjini Kenya alilipwa kana kwamba hana jamaa, kwa kuwa jamaa yake ilikula shambani. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli waligoma Mombasa kwa ajili ya mishahara na ugumu wa maisha. Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter ilikubali kwamba mshahara yafaa uhesabiwe kwa mtu na jamaa yake, si kwa mtu mmoja tu.

Basi wakati baba yuko Doha, watoto wanalishwa na nani? Na shamba la Kagio na ng'ombe wa mama. Mshahara ule umepangwa kana kwamba ng'ombe yupo. Tukimwuza ili kijana aende, tumeuza kitu kilichofanya mshahara ule utoshe. Hili nimemwambia ndugu yangu, na mama amesikia. Bado hawajaamua.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, asiondoke mtu bila mkataba ulioandikwa, wenye kueleza nani analipia malazi na nani analipia chakula. Pili, wakala awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na mjue kwamba sheria ya kazi ya Qatar humkataza wakala mwenye leseni ya huko kumtoza mfanyakazi fedha za kumwajiri. Tatu, chama chetu kiweke siku moja kwa mwezi ya kusoma mikataba ya vijana kabla hawajatia sahihi. Huko wanakokwenda, mfanyakazi mgeni hana ruhusa ya kuunda chama. Maswali yote yaulizwe hapa, tungali pamoja.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu Mwenyekiti, naomba jambo hili la tatu lipigiwe kura leo.