Mafuta Yapi Yaingie, Yapi Yatoke: Chakula cha Rungwe na Kazi ya Insulini



1. Utangulizi

Mwaka 1989 Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walitangaza matokeo ya kupima vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mmoja kati ya watu mia. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za kupima zilitofautiana, lakini pengo ni kubwa. Kwa kawaida lawama huangukia sukari. Mada hii inahusu mafuta katika chakula cha Rungwe.

2. Mafuta na insulini

Insulini huiamuru misuli ipokee sukari iliyo kwenye damu. Mafuta yakizidi yale mwili unayoyatumia, hurundikana ndani ya seli za misuli na ini, na mazao yake huivuruga amri hiyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Likielemewa, sukari hupanda. Asidi ya palmitiki, mojawapo ya mafuta yanayoganda na takriban asilimia 44 ya mafuta ya mawese, huchochea zaidi usugu huu wa mwili kwa insulini kuliko asidi ya oleiki, iliyo nyingi kwenye parachichi.

3. Ushahidi

Utafiti wa KANWU (2001) uliwalisha watu 162 wenye afya kwa miezi mitatu. Waliopewa zaidi mafuta yanayoganda, mwili wao uliitikia insulini pungufu kwa asilimia 10. Waliopewa zaidi oleiki hawakupungukiwa. Ila tofauti hiyo haikuonekana kwa waliopata zaidi ya asilimia 37 ya nishati yao kutokana na mafuta. Aina ina maana pale tu kiasi kinapodhibitiwa.

Wenzetu wa Ludewa nao wanatufundisha. Utafiti wa Lugalawa (1996) ulikuta wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, walaji wa samaki, wana shinikizo la damu na mafuta ya damu ya chini kuliko wenzao wa milimani waliokula mimea. Lakini katika KANWU, mafuta ya samaki hayakubadili kazi ya insulini. Tuwasifu usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, kwa ajili ya moyo, tusiwanadi kama dawa ya sukari.

4. Mapendekezo

(a) Parachichi lichukue nafasi ya mafuta ya kupikia. Likiongezwa juu ya ndizi zilizokwisha kuungwa kwa mafuta mengi, halisaidii.

(b) Alizeti ichukue nafasi ya mawese, na mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa.

(c) Usipa wachemshwe badala ya kuzamishwa kwenye mafuta.

(d) Mgonjwa anayebadili mlo asiache dawa bila ushauri wa kituo cha afya.

5. Kwa mjadala

Lita moja ya mafuta humalizwa kwa siku ngapi katika kaya unazozihudumia, na walaji ni wangapi? Tuanzie na swali hilo kabla ya kumshauri mtu abadili aina ya mafuta.