Kuiona Nairobi kwa Fedha Chache



Mtu atokaye mashambani kwenda Nairobi kwa shughuli, kama vile kufuata hati, kumtazama mgonjwa au kumpeleka mtoto chuoni, mara nyingi humaliza shughuli yake adhuhuri, na huku basi la kurudi kwao haliondoki mpaka usiku. Saa hizo zote huzipitisha ameketi juu ya mzigo wake kituoni, akiogopa kwamba kila hatua mjini itamla fedha. Hofu hiyo ina sababu, maana Nairobi ni mji wa gharama. Lakini mwenye miguu mizima na shilingi chache aweza kuuona mji huu na kuufurahia, wala asirudi kwake na deni.

Kwanza autue mzigo. Yafaa aombe kuuacha katika ofisi ya basi alilokatia tikiti, naye apewe stakabadhi. Pili aangalie nauli. Matatu hazina bei moja kutwa nzima: asubuhi watu waendapo kazini, na jioni warudipo, nauli hupanda, na mvua ikinyesha hupanda zaidi. Mwenye nafasi asafiri kati ya saa nne na saa tisa, tena amwulize makanga nauli kabla ya kupanda. Akisha kufika katikati ya mji hahitaji gari tena, kwa kuwa mengi ya kutazamwa yamekaribiana.

Na aifuate njia moja tu, Moi Avenue, ambayo zamani ilikuwa ikiitwa Government Road. Aanzie upande wa chini, karibu na stesheni ya reli, kwa sababu mji wenyewe ulianzia huko. Mwaka 1899 reli itokayo Mombasa ilifika mahali ambapo Wamasai walipaita kwa jina la maji baridi, na kambi ya wajenzi wa reli ikageuka kuwa mji. Penye pembe ya Haile Selassie Avenue pana bustani ya ukumbusho wa watu zaidi ya 200 waliouawa na bomu tarehe 7 Agosti 1998. Huko watu huzungumza kwa sauti ya chini.

Akipanda na njia ataiona sanamu ya Tom Mboya, iliyosimamishwa mwaka 2011 karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Nyuma yake ni jumba la Nyaraka za Taifa. Wengi walijua jumba hilo kuwa mahali pa kungojana tu, wala hawajapata kuvuka kizingiti chake. Ndani mna vinyago, mapambo na vitu vya ustadi vya Kiafrika alivyovikusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Aendaye siku za kazi, na kitambulisho mkononi, kiingilio hakitamwumiza.

Njaa ikimshika, ashuke upande wa River Road, ambako githeri, chapati na maharagwe, au ugali na sukuma wiki hupatikana kwa bei nafuu kuliko katika njia kubwa. Aulize bei kwanza ndipo aketi. Lakini huko huko ajihadhari: simu isikae mkononi wala katika mfuko wa nyuma, na akiwaona watu wamezunguka mchezo wa pata potea, apite upesi. Anayeonekana kushinda ni mwenzao wale wachezeshaji, na mgeni ndiye atakayepotea.

Mwisho wa matembezi ni Bustani ya Jeevanjee, juu ya njia ile ile. Hapo hapana tikiti. Tajiri A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliwapa watu wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906. Saa za mchana wahubiri huhubiri, wanasiasa wasio na viti hubishana, na makarani hujilaza nyasini mpaka saa ya kazi irudi. Mgeni aketi, asikilize, apumzishe miguu. Hakuna atakayemwuliza ametoka wapi.

Lakini ifahamike kwamba mahali hapo palikaribia kupotea. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga jumba kubwa juu ya bustani hiyo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliupinga pamoja na watu wengine, na mpango ukaachwa. Miaka miwili kabla ya hayo, mwaka 1989, Wangari Maathai alilipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimama katika Uhuru Park. Alidharauliwa hata Bungeni, lakini jengo halikujengwa, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Watu hao walifahamu jambo moja. Tajiri akikosa bustani ataingia hotelini, aagize kahawa, akae apendavyo. Maskini akiikosa hana pa kuketi ila juu ya mzigo wake. Mahali pa wote ndipo utajiri wa asiye na fedha, na mji usio na mahali kama hapo humtoza mgeni hata kwa kupumua kwake.

Basi mgeni aliyepumzika bure asiache maganda ya mahindi nyasini, wala asing'oe ua. Afikapo nyumbani awahadithie watoto aliyoyaona, ili nao siku moja waende wakiwa wanajua njia. Wazee walisema macho hayana pazia. Mwenye shilingi chache ana haki ya kutazama, na mji ni wake pia.