Kubadilisha Goti Zima au Sehemu Tu: Mambo Yanayoongoza Uamuzi wa Hospitali



Mkulima wa mpunga huinama majarubani kutwa, na mpagazi wa magunia huyatwisha magoti yake uzito wa mwili na wa mzigo. Miaka ipitapo, gegedu, yaani tabaka laini lifunikalo ncha za mifupa, huweza kulika hata mifupa ikasuguana. Wengi huyaita maumivu hayo ya uzee, wakayavumilia. Uvumilivu huo una gharama yake, kwa kuwa waweza kumnyima mgonjwa mojawapo ya njia za tiba.

Goti lina sehemu tatu: ya ndani, ya nje, na ile iliyo nyuma ya pia ya goti. Tiba huanza kwa mazoezi, kupunguza uzito na dawa. Hayo yasipotosha, daktari bingwa huweza kuweka kiungo bandia katika goti zima, au katika sehemu iliyolika pekee. Katika njia hii ya pili kidonda huwa kidogo, kano za mgonjwa hubaki, na ahueni huja mapema zaidi. Upungufu wake ni kwamba uwezekano wa kurudiwa upasuaji baadaye ni mkubwa kuliko kwa goti zima.

Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 528 katika hospitali 27. Baada ya miaka 5, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu inayokaribiana, na njia ya sehemu ilikuwa na gharama ndogo zaidi. Hata hivyo, huko huko Uingereza, ni takribani upasuaji mmoja kati ya kumi wa kubadilisha goti unaofanywa kwa njia hiyo.

Sababu ya kwanza ni mazoea ya mkono. Daktari aufanyaye upasuaji huu mara chache hupata matokeo hafifu. Akipata matokeo hafifu, huuepuka, na mkono wake hauzoei. Ya pili ni hofu ya kurudia upasuaji. Ya tatu ni vifaa: hospitali yapaswa kuwa na viungo bandia vya vipimo mbalimbali pamoja na zana zake mahususi. Ya nne ni hali ya goti lenyewe. Njia hii humfaa mtu ambaye sehemu moja tu imelika na kano zake ni imara. Haimfai mwenye baridi yabisi iliyoenea katika kiungo chote.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hubadilisha magoti na nyonga. Kwa mkazi wa Lipangalala, safari ya kufika huko huanzia katika kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara. Viungo bandia huagizwa kutoka nje ya nchi, na nauli na malazi ya mgonjwa na msindikizaji wake ni mzigo juu ya mzigo. Hivyo wengi hufika goti likiwa limeshapinda na sehemu zote zimelika. Hapo daktari hana la kuchagua. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Inafaa basi mwenye maumivu ya goti yanayodumu kwa majuma kadhaa aende kupimwa, atunze picha zake zote za eksirei, na aulize mapema bima yake inagharimia nini. Akishauriwa kufanyiwa upasuaji, ana haki ya kumwuliza daktari maswali matatu: Je, ni sehemu ngapi za goti zimelika? Je, njia ya kubadilisha sehemu tu inafaa, na kama haifai, ni kwa nini? Je, upasuaji huo hufanywa mara kwa mara katika hospitali hiyo? Kuuliza hivyo si kumkosea daktari heshima. Ni kumsaidia mgonjwa kuamua akiwa anajua.