Sauti Ambazo Wengine Hawazisikii: Tumlinde Mgonjwa Wetu

 

Ndugu zangu vijana, wazazi wetu wa Machakos na vitongoji vyake, na wewe ndugu msomaji ambaye hukujaaliwa kufika kwenye darsa, mada yetu ni nzito na wengi huikwepa. Tunazungumzia hatari ya kujidhuru kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unampata mtu 1 katika kila 300, na mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kuna watu wanamfuatafuata, maneno yake huvurugika, hujitenga, huacha hata kuoga. Si utovu wa adabu huo, wala si upungufu wa imani. Ni maradhi, kama kisukari kilivyo maradhi.

Je, hatari iko wapi? Watafiti wanakadiria kwamba karibu wagonjwa 5 katika kila 100 hufa kwa kujiua. Maana yake walio wengi hawafi hivyo, alhamdulillah. Lakini hao watano ni watoto wa watu, na wengi wangeweza kuokolewa.

Sisi hudhani hatari ni pale mgonjwa anapopiga kelele njiani. Kumbe mara nyingi ni pale anaponyamaza. Hebu fikiria kijana aliyekuwa chuoni, mwerevu, anategemewa na nyumba nzima. Amelazwa, ametibiwa, akili imetulia. Sasa ndiyo anaona masomo yamekatika, marafiki wamemkimbia, na mtaani anaitwa kichaa. Huzuni humwingia hapo. Ndiyo maana miaka ya kwanza ya ugonjwa, na wiki za mwanzo baada ya kutoka hospitali, ni za kuangaliwa sana. Familia inasema "amepona" na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, kumbe ndio wakati wa kuwa karibu naye.

Dalili nyingine ni hizi: ameacha dawa, sauti zinamwamrisha ajiumize, anasema yeye ni mzigo, anagawa vitu vyake, aliwahi kujaribu kabla. Bangi na pombe huzidisha hatari.

Ukiziona, ufanye nini? Muulize waziwazi, kwa upole: "Ndugu yangu, umefikia kuwaza kujiua?" Usiogope, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata dakika moja. Dawa za wadudu za shambani na za mifugo, pamoja na tembe zilizobaki nyumbani, zifungiwe mbali naye. Kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Anzeni Machakos Level 5, na ikibidi atapelekwa Mathari, Nairobi, hospitali iliyokuwepo tangu 1910. Zipo dawa za kila siku na zipo sindano za kila mwezi kwa anayesahau tembe.

Na mwezi huu mtukufu tuwe macho zaidi. Dawa asiache eti kwa sababu amefunga. Amwone daktari kabla, huenda saa za dawa zikahamishiwa futari na daku. Ikishindikana, Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Usingizi nao tuulinde, kwa sababu kukesha mfululizo kunaweza kuurudisha ugonjwa.

Wengine watauliza, na ruqya? Msomeeni, ni rehema. Lakini kisomo hakizuii dawa, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kumfunga kamba, kumpiga na kumnyima chakula si ruqya, ni dhulma. Jirani zetu wa Makueni wametuonyesha njia: katika miaka ya 2010 watafiti wakiongozwa na Profesa David Ndetei waliwafundisha waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua ugonjwa wa akili na kuwatuma wagonjwa hospitali. Nasi maustadh wetu wanaweza.

Kulikuwa pia na hofu ya polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimtishia aliyejaribu kujiua na kifungo cha hadi miaka miwili, basi familia zikawa zinaficha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Basi tusifiche tena.

Kujiua ni haramu, sote twajua. Lakini aya iliyokataza jambo hilo katika Suratun-Nisaa inamalizia kwa kutaja rehema ya Allah kwetu, na kalamu haimwandikii aliyepotewa na akili. Kwa hiyo kazi yetu si kumhukumu. Usiku wa leo, baada ya tarawehe, yuko nyumba gani mgonjwa ambaye hatujamjulia hali? Mpelekee futari, kaa naye, mwite kwa jina lake.