Pointi za mtani ni pointi zako



Ukitaka kujua nani mkubwa katika mpira wa nchi hii, usiulize Mtaa wa Msimbazi asubuhi kama una haraka ya kwenda kazini. Pale penye makao makuu ya Simba, na ng'ambo kidogo, kwenye kona ya Twiga na Jangwani penye makao ya Yanga, kikombe cha kwanza cha kahawa kinakwisha, cha pili kinaletwa na kashata yake, na hoja ya kwanza bado haijajibiwa.

Mtu wa Yanga ataanza na mataji. Hadi msimu wa 2024/2025 unamalizika, Yanga walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi mara 31 na Simba mara 22. Mtu wa Simba atajibu kwamba ligi ni ya nyumbani, ukubwa unapimwa nje. Atakutajia nusu fainali ya klabu bingwa Afrika ya mwaka 1974, fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan, na mwaka 2003 Simba walipomvua ubingwa Zamalek kwa penalti, palepale Cairo. Mwenzake hakubali. Naye anayo fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2023, ambapo Yanga walifungwa 2-1 Dar es Salaam, wakaenda kushinda 1-0 Algiers, na kombe likabaki kwa USM Alger kwa sababu ya mabao ya ugenini. Basi wa Simba atakumbusha fainali yao ya mwaka 2025 na RS Berkane. Baada ya hapo wanahamia kwenye vipigo: tano za 1968, sita za 1977, tano za 2012, tano kwa moja za 2023. Ukifika hapo, jua adhuhuri imekaribia.

Siku hizi ubishi huu umepata mgeni. Kijana anachomoa simu mfukoni, anafungua orodha ya viwango vya CAF, anasema: "Mzee, acha historia. Kompyuta imeshasema." Wazee wananyamaza kidogo, kisha wanauliza swali la maana: hiyo kompyuta inahesabu nini?

Swali hilo si la Kariakoo peke yake. Wapenzi wa tenisi duniani wanagombana kwa jambo hilohilo miaka nenda miaka rudi. Kule mchezaji anapangwa kwa pointi alizokusanya katika majuma 52 yaliyopita, lakini yapo mashindano manne makubwa, ya Melbourne, Paris, London na New York, ambayo kila mmoja anataka kuyashinda kabla hajastaafu. Marcelo Ríos wa Chile alishika namba moja duniani mwaka 1998, akastaafu bila kushinda hata moja kati ya hayo manne upande wa mchezaji mmoja mmoja. Yannick Noah, aliyekulia Cameroon, alishinda la Paris mwaka 1983 akiichezea Ufaransa, lakini hakuwahi kuwa namba moja. Nani mkubwa kati yao? Mpaka leo watu hawajakubaliana. Namba inakwambia nani amekuwa akifanya vizuri siku za karibuni. Haikwambii nani atakumbukwa.

Viwango vya CAF navyo ni hivyo hivyo. Mataji ya ligi hayamo. Zile sita za 1977 hazimo, na tano kwa moja hazimo. Wanachohesabu ni hatua ambayo klabu imefika katika Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho kwa miaka mitano. Mwaka wa karibuni una uzito wa tano, uliotangulia uzito wa nne, na kuendelea kushuka hadi moja. Wa sita nyuma unafutika. Kwa hiyo anayetaka kumaliza ubishi wa miaka zaidi ya themanini kwa orodha hiyo anapima urefu kwa kutumia mizani.

Lakini, ndugu msikilizaji, orodha hiyo ina kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. CAF wanajumlisha pointi za klabu zote za nchi moja. Nchi kumi na mbili za juu zinapeleka klabu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho. Zilizobaki zinapeleka moja na moja. Yaani pointi za mtani wako zinaingia katika kapu moja na zako.

Tutazame yaliyotokea. Mwaka 2019 Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Pointi hizo, zikichanganywa na zile ambazo Yanga walizipata kwa kuingia makundi ya Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2018, ziliipa Tanzania nafasi nne. Yanga, walioshika nafasi ya pili katika ligi, wakacheza Ligi ya Mabingwa msimu uliofuata. Wangepita wapi kama Simba wangetolewa mapema? Na KMC ya Kinondoni, timu changa, nayo ikapata safari yake ya kwanza ya Afrika.

Sasa geuza upande wa pili. Msimu wa 2023/2024 Simba walimaliza ligi wakiwa wa tatu, Azam wakiwatangulia kwa tofauti ya mabao. Kwa utaratibu wa klabu mbili tu, wa tatu angekaa nyumbani kusikiliza redio. Lakini kapu lilikuwa limejaa, na Yanga walikuwa wamelijaza kwa fainali ya 2023 na robo fainali ya 2024. Simba wakaingia Kombe la Shirikisho, wakafika fainali ya 2025. Fainali hiyo ambayo mtu wa Msimbazi anajivunia ilifunguliwa mlango na Jangwani kwa sehemu yake. Na mwishoni mwa mwaka 2025 klabu zetu zote nne, Yanga, Simba, Azam na Singida Black Stars, zilicheza hatua ya makundi.

Pamoja na hayo, akija Mwarabu wa Misri au wa Algeria kucheza na Simba, utawaona wenzetu wa kijani wamevaa jezi ya mgeni. Wapo wanaomfuata hadi uwanja wa ndege kumlaki. Akija kucheza na Yanga, wekundu wanafanya vilevile. Ukiwauliza, watakujibu jibu moja: "Mimi nikishangilia au nikinuna, mpira hauingii golini kwa sababu yangu."

Jibu hilo ningelikubali kama nisingekuwa na matokeo ya kundi la Simba la mwaka 2019. Ugenini walifungwa tano na Al Ahly, tano na AS Vita, mbili na JS Saoura. Hawakuleta pointi hata moja wala bao moja. Nyumbani, kwenye uwanja ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa, waliwashinda wote watatu, 3-0, 1-0 na 2-1. Pointi tisa, robo fainali. Wachezaji walikuwa walewale. Kilichobadilika ni mahali, safari ya mgeni, na kelele za watu. Anayesema kelele hazifungi aniambie tisa zile zilitoka wapi.

Simwombi mtu wa Yanga aipende Simba, wala wa Simba aimbe nyimbo za Jangwani. Utani huu ndio chumvi ya mpira wetu, na bila huo hata magazeti yasingeuzika Jumatatu. Mkikutana wenyewe kwa wenyewe, zomeaneni mpaka sauti zikauke. Wala sitasema mzalendo ni nani, maana neno hilo limetumika sana na watu wengi. Nasema habari ya hesabu tu. Mwenye duka la Mtaa wa Congo hafurahii jirani yake kukosa wateja, kwa sababu anajua mtaa ukikosa watu na yeye anakosa.

Kwa hiyo safari ijayo mgeni akitua kucheza na mtani, mwenye moyo wa kushangilia ashangilie. Mwenye roho nzito anyamaze, aendelee na kahawa yake. Ila ile jezi ya mgeni airudishe kwa muuzaji, maana anayoiombea timu hiyo ipate ni nafasi ya klabu yake mwenyewe ya mwaka kesho.

Na nani mkubwa kati ya hawa wawili? Hilo nimewaachia wanakahawa. Wao wana muda.