Kisima Hakipimwi kwa Pua

Maelezo ya afisa wa mazingira wa kaunti kwa wakazi wanaoishi karibu na kituo cha petroli kilichovuja

Swali lililowaleta nalijua: visima vimefungwa, maji ya mkokoteni ni ghali, na mmesikia kwamba kipimo cha mwisho kilitoka safi. Mbona basi visima havifunguliwi?

Jibu langu ni kwamba kipimo kimoja cha kiangazi hakitoshi. Nitawaeleza sababu, ili msidhani ni amri tu ya ofisi.

Tangi la kituo cha petroli huzikwa ardhini. Kutu hulila polepole, au kiungo cha bomba hulegea, na hakuna anayeona kitu. Mafuta hushuka hadi yakutane na maji, kisha yanaelea juu yake, maana petroli ni nyepesi kuliko maji. Lakini sehemu yake huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Hapa kwetu pwani, chini ya mchanga kuna jiwe la matumbawe lenye mianya na nyufa. Maji hufuata nyufa hizo, kwa hivyo kisima kilicho mbali kinaweza kuchafuka kabla ya kile kilicho karibu. Msishangae jirani akipatwa nanyi mkapona.

Kinachotutia wasiwasi zaidi katika petroli ni benzeni, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za benzeni kwa lita. Chukueni tangi la nyumbani la lita 10,000. Gramu moja tu ya benzeni inatosha kufikisha matangi kumi ya aina hiyo kwenye kiwango hicho. Na petroli ambayo benzeni yake ni asilimia moja hubeba zaidi ya gramu saba katika kila lita. Kwa hivyo hata uvujaji mdogo si jambo dogo.

Kuna anayesema, “Nimeyanusa, hayana harufu.” Benzeni huanza kunukia ikiwa imeshapita kiwango hicho mara nyingi mno. Mwingine anasema atayachemsha. Tafadhali msifanye hivyo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini benzeni hutoka na mvuke, nawe ukiwa jikoni unauvuta. Maji yenye petroli nyingi yanaweza hata kuwaka moto. Dawa ya klorini pia haiondoi petroli. Na kwa kuwa mvuke huo hutoka hata bafuni, maji ya kisima kilichofungwa hayafai kuogea pia.

Sasa vile visima vyembamba vyenye vifuniko vilivyochimbwa kuzunguka kituo. Si vya kuteka maji. Ni visima vya uchunguzi: bomba lenye matundu madogo upande wa chini, ambalo fundi hushusha ndani yake kifaa cha kupima kina cha maji na unene wa mafuta yanayoelea, kisha huchota sampuli ya kupeleka maabara. Vikiwa vitatu au zaidi, tukilinganisha kimo cha maji katika kila kimoja, tunajua maji yanaelekea wapi. Lazima kimoja kiwe upande maji yanakotoka, kabla hayajafika kituoni, ili tuwe na cha kulinganisha. Mkiona visima vyote vimechimbwa upande mmoja tu, ulizeni kwa nini.

Hapa ndipo suala la kiangazi linapoingia. Maji yakishuka, petroli nayo hushuka na kubaki imegandamana na mchanga na mawe. Mvua za masika zikija, maji hupanda, huifikia ile petroli iliyobaki na kuanza kuiyeyusha upya. Kisima kilichoonekana safi Februari kinaweza kuwa kichafu Juni. Vilevile pampu za kusafisha zikizimwa, uchafu huweza kurudi baada ya miezi. Ndiyo maana tunataka vipimo vya misimu yote, masika na vuli, na vingine baada ya mitambo kuzimwa.

Usafishaji wenyewe huanza kwa kuziba chanzo. Kuvuta maji huku tangi bado linavuja ni kuchota bahari kwa kijiko. Tangi hutolewa, udongo uliolowa huchimbwa, mafuta yanayoelea hufyonzwa. Maji hupitishwa kwenye chujio la makaa maalumu, au hewa hupulizwa chini ili kuitoa petroli. Wapo pia bakteria wa ardhini wanaoila petroli, na hewa huwasaidia. Mimi nawapenda hao bakteria, hawadai posho, lakini ni wataratibu sana. Kazi hii huchukua miaka, si wiki.

Nani alipe? Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, EMCA, inatambua kwamba mchafuzi ndiye hulipa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinawapa haki ya mazingira safi, na cha 35 haki ya kupata habari. Biashara ya mafuta iko chini ya EPRA, mazingira ni NEMA, rasilimali za maji ni WRA, na afya ya jamii ni kaunti. Ofisi ni nyingi, nakubali, na mwananchi huchoka kuzungushwa. Leteni malalamiko kwetu kwa maandishi, nasi tutayafikisha panapohusika. Wenzetu wa Thange, Kaunti ya Makueni, ambako bomba la mafuta lilivuja mwaka 2015, wanajua ugumu wa kudai haki baada ya visima kuharibika.

Kwa hivyo msikubali kuambiwa “ni safi” kwa mdomo. Ombeni karatasi ya maabara: tarehe, kisima kipi, kimo cha maji siku ile, na kiwango cha benzeni. Wewe mwenye kisima usiuze maji kwa mkokoteni usiku. Anayeyanunua hajui yametoka wapi.

Ramani ya visima iko mezani hapa mbele. Anayetaka kujua kisima chake kiko upande gani wa mkondo aje tutazame pamoja, halafu tuanze maswali.